Karai la Fundi

Fundi aliyenifundisha kazi pale Katoro, mkoani Geita, alikuwa na stiki ya oili, kitambaa na vidole vyake. Lori la mawe likifika, aliagiza lizimwe mahali tambarare, kisha akaketi. Dereva anahimiza, karashani, kunakosagwa mawe, wanasubiri mzigo, mzee ametulia. "Subiri mwanangu, oili bado inashuka." Dakika kumi hivi zikipita huchomoa stiki, huifuta, huirudisha, huichomoa tena. Hiyo ya pili ndiyo aliyoisoma.

Kisha aliisugua oili kati ya vidole. Weusi haukumtisha, maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa masizi. Alichotafuta ni ukwaruzo. Vidole vikihisi chembe, mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye filta ya hewa, na mara nyingi aliikuta imepasuka au haikukaa sawasawa.

Vumbi la huku ni kali. Dhahabu ya ukanda huu hukaa sana kwenye mishipa ya jiwe jeupe, kwatsi, na siku moja mzee aliokota kipande chake akakiburuza juu ya kioo kibovu cha dirisha. Kikaacha mchoro. "Sasa fikiria beringi," akaniambia. Uso wa beringi ni madini laini ya jamii ya risasi na bati. Jiwe tunalolisaga kwa gololi za chuma ndani ya pipa la karasha likishakuwa unga huingia kwenye injini inayolizungusha pipa hilo hilo, likaila ringi, slivu na beringi kwa miezi bila kelele. Kinachoitenganisha krenki na beringi ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na juu ya utando huo ndipo kishindo chote cha pistoni hutua. Nilipolielewa hilo niliacha kuona uvivu katika zile dakika kumi.

Oili ikipungua, kila dereva anajua: kwenye kilima au kona kali pampu huvuta hewa, taa nyekundu inawaka, injini inaanza kugonga. Wengi hawaamini kwamba kuzidi nako kunaua. Wanaimimina mpaka juu ya alama wakidhani wanalishibisha gari. Krenki huifikia, ikaisukasuka kama maziwa kwenye kibuyu cha Usukumani, ikawa povu, na povu halibebi uzito.

Ipo pia oili inayoongezeka yenyewe. Gari nililokuwa naendesha kati ya Shinyanga na Kahama lilimaliza wiki mbili bila kupunguza hata tone. Tena alama ilikuwa imepanda, nami nikafurahi. Mzee alinusa stiki mara moja tu, akanikataza kuwasha. Nozeli ilikuwa inavuja, dizeli inapenya kwenye ringi na kuifanya oili nyepesi kama maji. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, angefungua kichwa cha injini kutafuta gasketi iliyoungua.

Migodi mikubwa hupeleka sampuli za oili maabara kupima chuma, shaba na silikoni. Naziheshimu mashine za huko, lakini maswali yake ndiyo yale ambayo vidole vya mzee viliuliza kando ya barabara, kwa watu ambao injini moja ndiyo ada ya watoto wao.

Akimwaga oili, aliikinga kwenye karai, akalipeleka juani na kulizungusha polepole, jinsi wachimbaji wanavyozungusha mchanga wao mtoni. Wao huinama wakiomba kuona mng'aro. Yeye aliinama akiomba asiuone, kwa kuwa chembe zinazometa rangi ya shaba ni beringi inayoondoka. Alitazama muda mrefu, dereva kasimama nyuma yake amenyamaza.

"Haina kitu," akasema, uso umemkunjuka. "Lete oili mpya."