Subira ya Kupima Ubao

Usiku wa Karatu ni wa baridi. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Watu hufunga madirisha, wakalala pamoja na kabati jipya la plaiwudi na vanishi iliyopakwa juzi. Gundi ya yurea iliyoshika ubao huo hutoa formaldehaidi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake ndani ya nyumba: miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa dakika 30.

Wapo mafundi wa maabara wanaopima mvuke huo, na kazi yao inastahili kutazamwa bila haraka. Kipande cha ubao huwafikia kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya alumini, kisinase harufu za njiani. Kabla ya kukiingiza katika kisanduku cha kupimia, cha kioo au chuma cha pua, hupima hewa ya kisanduku hicho kikiwa kitupu, maana kisanduku kichafu kingeusingizia ubao. Kingo zilizokatwa huzibwa, kwa kuwa ndiko mvuke hutoka kwa wingi. Kisha hewa safi hupitishwa polepole, joto likiwa nyuzi 23 na unyevu asilimia 50.

Ubao huwekwa peke yake, na hapo ndipo penye busara. Katika nyumba ya Kimasai, ambayo wanawake huikandika kwa udongo na samadi, mgeni anaweza kulaumu ukuta kwa kinachomchoma macho, kumbe ni moshi wa kuni. Ndani ya kisanduku chanzo ni kimoja tu.

Siku ya tatu fundi huvuta hewa kupitia vimirija vinavyonasa mvuke. Siku ya 28 hurudia. Kilichonuka sana mwanzoni huenda kimetulia, na kilichoanza kwa upole huenda bado kinatoa. Mwenye haraka angekosea vyote viwili.

Mashine inayochanganua hewa hiyo hutaja kemikali na kiasi chake, lakini haijui karaha. Kwa hiyo kanuni ya kimataifa ya ISO 16000-28 huita pua za watu. Wanusaji waliofunzwa hulinganisha nguvu ya harufu na viwango vya asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, na kiasi inavyopendeza au kuchukiza hupewa alama kati ya 4 na hasi 4. Hunusa kidogo wakapumzika, kwani pua huzoea upesi. Ndiyo maana mwenye nyumba hudhani vanishi imekwisha kunuka wakati mgeni wake bado anaisikia. Na gesi ya kaboni monoksidi, inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi, haina harufu kabisa: pua haina la kusema.

Kanuni za Ulaya huhesabu matokeo kwa chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, hewa inayolingana na nusu ya ujazo wake ikiingia kila saa. Chumba cha Karatu kilichofungwa usiku huenda kisifikie kiwango hicho, hivyo cheti kizuri hakimwondolei mtu kazi ya kufungua dirisha mchana. Seremala naye anaweza kuazima desturi mbili za maabara bila kununua mashine: azibe kingo za ubao, na aliache kabati wazi bandani wiki kadhaa kabla ya kulikabidhi.