Hodi Isiyojibiwa: Ufundi wa Dua za Margaret

Siku ya kwanza shuleni, Margaret Simon anavaa viatu bila soksi. Nancy, rafiki aliyempata mtaani juzi tu, amemwambia kwamba soksi ni za watoto, na kwamba mwenye soksi huenda asikubaliwe kwenye kikundi chake cha siri. Mama anaonya kwamba miguu itachubuka. Inachubuka kweli, na Margaret akifika anakuta nusu ya wasichana wamevaa soksi zao ndefu. Mwandishi hatuelezi kwamba mtoto huyu hajiamini. Malengelenge yamekwisha kusema.

Riwaya yenyewe ni Are You There God? It's Me, Margaret, ya Mmarekani Judy Blume, iliyotoka mwaka 1970. Margaret ana miaka 11, anaikaribia 12. Familia imehama New York na kuingia Farbrook, kitongoji cha New Jersey ambako nyumba za mtaa mzima zinafanana na miti ina umri sawa na nyumba. Baba ni Myahudi, mama alilelewa Kikristo, na binti ameachwa achague dini mwenyewe akikua. Wengi wanakikumbuka kitabu hiki kwa sidiria na hedhi, na kwa hayo kimepigwa vita katika maktaba nyingi za Marekani. Mimi nimevutiwa zaidi na jinsi kilivyosukwa.

Nafsi ya kwanza ina mtego wake. Msichana mwenye hofu akiisimulia hofu yake kila ukurasa, atatuchosha kwa malalamiko, akiificha, hatutaiona. Blume aliutegua mtego huo kwa kumpa Margaret midomo miwili. Mmoja unasimulia yaliyopita, kwa mzaha na haraka. Wa pili unaomba dua: mistari michache, wakati uliopo, ikianza kwa hodi ileile iliyo jina la kitabu: Upo, Mungu? Ni mimi, Margaret. Kwenye daftari la kikundi, ambamo kila msichana huandika wavulana anaowapenda, Margaret anaandika jina la Philip Leroy, mvulana mzuri ambaye kila mmoja amemwandika, ilhali moyoni yumo Moose, kijana anayekuja kukata majani ya uwanja wao. Mdomo wa mchana unafuata kundi. Wa dua hauna wa kumwogopa.

Pia hauna wa kuujibu, na hapo ndipo penye ufundi. Mungu wa riwaya hii hasemi, kwa hiyo anayebaki kuisikia siri ni msomaji. Mara moja tu inatokea kama jibu. Margaret amemtukana Laura Danker, msichana aliyewatangulia wenzake kimwili, kwa uvumi aliolishwa na Nancy. Akimfuata kanisani, anajikuta ndani ya kizimba cha kuungamia, na sauti inamwita mtoto wake. Kwa kitambo anadhani ni Mungu. Ni padri, na Margaret anatoka mbio. Aliyeomba jibu kitabu kizima amesikia sauti, na hana la kusema ila aibu.

Kwetu pwani, msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake au kungwi wa kumfunda. Farbrook hakuna kungwi. Shule inaleta filamu iliyotengenezwa na kampuni ya pedi, na Margaret anaona mara moja kwamba ni tangazo la biashara. Basi wasichana wanafundana wao kwa wao, na Nancy ndiye anayejifanya mjuzi. Akiwa safarini, anatuma kadi ya kujigamba kwamba tayari amevunja ungo. Blume anaiacha kadi hiyo ilale. Baadaye, kwenye maliwato ya mkahawa mmoja New York, Nancy anapiga kelele za woga akimtaka mama yake, na Margaret aliyesimama nje ya mlango anatambua kwamba hii ndiyo mara ya kwanza. Hakuna hotuba. Nancy anasihi asisemwe, basi. Msomaji mwenyewe ndiye anayerudi nyuma kuyapima upya maagizo yote ya Nancy, kuanzia zile soksi.

Kisha mwandishi anatumia silaha aliyoiweka akiba. Babu na bibi wa upande wa mama, waliokwisha kumkataa binti yao kwa kuolewa na Myahudi, wanakuja, na dini inageuka ugomvi sebuleni. Margaret anasusa, hamsemeshi tena Mungu. Hadithi inaendelea kwa mdomo mmoja, nasi tunaanza kuisikia hodi kwa sababu haipigwi.

Inapigwa tena mwishoni kabisa, Margaret anapovunja ungo. Unaweza kusema mwandishi amefunga mambo mawili kwa fundo moja, na fundo lenyewe linaonekana. Ni kweli. Lakini tazama dua ilivyobadilika: hajapewa jibu lolote, na safari hii haombi kitu. Anashukuru.