Panya si panya tu: Tusipoteze nasaba tunapotafsiri sayansi

Kila baada ya wiki chache vyombo vyetu vya habari hutuarifu kwamba wanasayansi wamepata dawa iliyowaponya panya, au wamegundua chakula kilichowadhuru panya. Msomaji hufurahi au huingiwa na hofu, kisha hufungua ukurasa wa michezo. Ni nadra aulize: panya gani hao? Hoja yangu ni kwamba swali hili si la wanabiolojia pekee. Ni swali la lugha, na kulipuuza kunaweza kutugharimu.

Nianze na neno lenyewe. Kiingereza hutenganisha 'rat' na 'mouse', na Kifaransa kina 'rat' na 'souris'. Sisi tunasema panya, basi. Hao ni wanyama wawili waliotengana mamilioni ya miaka iliyopita. Dume la kwanza maabarani hufika gramu 300 na zaidi, ilhali la pili kufikisha 40 si jambo la kawaida. Ajabu ni kwamba neno 'kipanya' tumelichangamkia kukitaja kifaa cha kompyuta, lakini tunaona haya kumrudishia mnyama aliyekipa kifaa hicho jina.

Tuseme tumekwisha kuwatenganisha hao wawili. Bado hatujafika. Panya wa maabara ana jina na historia. Panya wa Wistar walianza kufugwa mwaka 1906 katika taasisi yenye jina hilo mjini Philadelphia, Marekani. Sprague Dawley walianzishwa mwaka 1925 mjini Madison, Wisconsin, na Robert Dawley, ambaye aliliunganisha jina lake na lile la mkewe wa kwanza kabla hajaolewa, yaani Sprague. Fischer 344 ni jina la mfugaji pamoja na nambari ya upandishaji uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1920.

Majina haya si mapambo. Panya wa Fischer 344 hutokana na kupandisha kaka na dada kwa vizazi 20 au zaidi mfululizo, hadi wakafanana karibu kama mapacha. Wistar na Sprague Dawley kwa kawaida hufugwa kinyume chake: jamaa wa karibu hawapandishwi, ili tofauti zisipotee. Kila kundi lina maradhi yake pia. Madume wengi wa Fischer 344 wakizeeka huota uvimbe wa korodani bila kulishwa chochote kibaya. Majike wa Sprague Dawley nao huota uvimbe wa matiti. Kwa hivyo, anayesema 'panya waliota uvimbe' bila kututajia ni panya gani, hajatuambia mengi.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi Wakenya? Yanatuhusu sana. Mnamo Septemba 2012, mtafiti Mfaransa Gilles-Éric Séralini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu panya waliolishwa mahindi ya GMO aina ya NK603 kwa miaka miwili. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa zilienea duniani. Novemba mwaka huo huo, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, na utafiti huo ukatajwa sana kuwa sababu. Novemba 2013, jarida lililouchapisha liliuondoa. Halikusema kwamba kulikuwa na udanganyifu. Lilisema matokeo hayakutosha kuthibitisha jambo. Sababu zilizotajwa ni mbili: kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa jinsia moja, na panya wenyewe walikuwa Sprague Dawley, ambao huota uvimbe wanapozeeka. Mwaka 2014 jarida jingine liliuchapisha upya. Kwetu, marufuku ilidumu hadi serikali ilipoiondoa Oktoba 2022.

Sisemi GMO ni nzuri au mbaya. Hilo si taaluma yangu. Ninachosema ni kwamba mjadala mzima ulining'inia kwenye jina la panya, na mwananchi aliyeufuata kwa Kiswahili akiambiwa 'panya' tu hakuwa na njia ya kuufahamu. Alinyimwa kiungo muhimu cha hoja. Isitoshe, tafsiri zetu hupenda kugeuza uvimbe ukawa saratani, ilhali si kila uvimbe ni saratani. Neno moja likipungua na jingine likiongezwa chumvi, habari ya maabara hugeuka uvumi wa sokoni.

Tatizo ni neno la kutafsiri 'strain'. Wafasiri wengi hukimbilia 'aina'. Lakini aina ni kapu lisilojaa: kuna aina za magari, za ugali, za homa. Wengine husema 'kabila', neno ambalo katika nchi hii limebeba mizigo ya kutosha bila kuongezewa panya. 'Kizazi' nacho kinagongana na vile vizazi 20. Hebu fikiria: 'kizazi cha panya cha vizazi 20'!

Mimi napendekeza 'nasaba' kwa panya wa ndugu waliopandishana, kama Fischer 344. Mswahili anapouliza nasaba ya mtu, anataka kujua kazaliwa na nani, naye huyo kazaliwa na nani. Ndilo swali hasa la maabara. Kwa Wistar na Sprague Dawley, tuazime neno la wafugaji wetu, 'mbegu', kama tusemavyo dume la mbegu. Na yule mdogo tumwite kipanya. Hakuna neno geni hapa. Yote tunayo nyumbani.

Najua nitaambiwa kwamba msomaji wa kawaida atachoshwa na majina hayo. Ati Sprague Dawley ni mzigo! Msomaji huyo huyo anawataja wachezaji wa klabu za Ulaya mmoja baada ya mwingine, na anajua nani aliuzwa wapi. Tusimdharau. Tena Kiswahili kikitaka, hutofautisha. Kule Morogoro, Tanzania, wanafunzwa panya wa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Huko hawaitwi panya tu, huitwa panya buku, na kila anayelisikia jina hilo anajua si yule anayekula unga jikoni.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wengi wao katika sentensi moja hawachimbui maana pia. Wahariri wanaweza kuanza kesho, bila kusubiri kamusi mpya. Kila habari ya utafiti itaje mnyama ni nani, ni wa nasaba au mbegu gani, walikuwa wangapi, na kwamba binadamu bado hajajaribiwa. Ni maneno 20 hivi, nayo yanatosha kumwepusha mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya tumaini ambalo halijatoka maabarani.