Bima Yenye Kikomo

Mvuvi wa kisiwa cha Kilwa, Ziwa Mweru, akishauza chisense hujiuliza: pesa niziweke benki au chini ya godoro? Hofu yake ina sababu. Mwaka 1995 benki ya Meridien BIAO ilianguka, na Zambia haikuwa na bima ya amana.

Tanzania inayo. Benki huchangia mfuko, na benki ikifungwa Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja. Lakini neno "bima" linaahidi zaidi ya linavyotoa. Januari 2018 Benki Kuu ilipozifunga benki tano, zikiwamo Efatha na Meru, kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Aliyeweka milioni 5 alihakikishiwa hiyo tu, milioni 3.5 zilizobaki zilingoja mali za benki ziuzwe.

Kikomo hicho kilipandishwa hadi 7,500,000 mwaka 2023. Ni hatua njema. Hata hivyo, kinga isiyotangazwa haimtoi mtu hofu. Kwa maoni yangu, kiwango hicho kiandikwe ukutani katika kila tawi, kwa Kiswahili chepesi, mteja akisome kabla ya kuweka akiba, si baada ya milango kufungwa.