Ukuta Uliomnoa Preki

Kaa na makocha wa Kitui na Makueni, na lalamiko la kwanza utakalosikia ni uwanja. Mbooni na Kilungu, milima imekatwa matuta ya kulimia. Kipande tambarare cha kutosha watu ishirini na wawili ni cha kutafutwa kwa tochi. Mutomo na Ikutha tambarare ipo, lakini kiangazi kikishika, uwanja unakuwa vumbi na miiba. Kwa hiyo watoto wanacheza popote: nyuma ya darasa, kati ya ukuta na mwembe, au juu ya mchanga wa mto uliokauka. Kocha akipita hapo anatikisa kichwa. Kwake huo si mpira, ni kupoteza muda mpaka uwanja upatikane.

Leo nampinga, na shahidi wangu ni Predrag Radosavljević, ambaye dunia ya soka inamjua kwa jina fupi: Preki.

Tuanze na bao moja. Ni tarehe 10 Februari 1998, Los Angeles, nusu fainali ya Kombe la Dhahabu la CONCACAF. Marekani inacheza na Brazil, mabingwa wa dunia wakati huo, wenye Romário mbele. Preki, mwenye miaka 34, ameingia kutoka benchi. Dakika ya 65 anaupata mpira nje ya eneo la hatari, anauweka kwenye mguu wake wa kushoto na kufyatua. Wavu unatikisika. Kipa Kasey Keller anaokoa yaliyobaki, mechi inaisha 1–0. Kabla ya siku hiyo Marekani haikuwa imewahi kuishinda Brazil.

Ufundi wa bao hilo haukuanzia kwenye nyasi. Preki alizaliwa Belgrade mwaka 1963, akachezea Red Star ya huko, kisha mwaka 1985 akavuka bahari kujiunga na Tacoma Stars katika ligi ya soka la ukumbini ya Marekani, MISL. Mchezo huo usichanganywe na futsal, ambayo haina kuta na mpira wake haudundi sana. Huu ulichezwa kwenye viwanja vya magongo ya barafu vilivyotandikwa nyasi bandia. Kila timu ina wachezaji sita, kipa akiwemo, na ubao umezunguka pande zote. Mpira ukigonga ubao, mchezo unaendelea. Mchezaji anaingia na kutoka bila kusubiri filimbi, na anayefanya kosa kubwa anakaa nje dakika mbili huku wenzake wakihangaika wakiwa pungufu.

Usidhani ulikuwa mchezo wa kujifurahisha. Juni 1987 Tacoma walifika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Dallas Sidekicks, timu ya Mbrazili aliyeitwa Tatu. Watu 21,728 waliingia Tacoma Dome, na Dallas wakashinda 4–3 katika muda wa ziada. Msimu wa 1988–89 Preki akatangazwa mchezaji bora wa ligi.

Sasa tupige hesabu. Uwanja wa ukumbini una takriban mita 61 kwa 26, yaani mita za mraba 1,586. Ukiwagawia watu kumi na wawili, kila mmoja anapata kama 132. Uwanja mkubwa wa mita 105 kwa 68 unampa kila mchezaji kama 325. Kwa hiyo ukumbini unaishi kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya nje, na adui haendi mbali. Hapo ndipo mazoea matatu ya Preki yalipozaliwa.

La kwanza ni kutazama mapema. Nje, ukipokea mpira ukiwa umekodoa macho chini, una sekunde ya kuinua kichwa. Ukumbini sekunde hiyo haipo. Anayesubiri mpira umfikie ndipo afikiri, amekwisha kupokonywa. Uamuzi lazima utangulie mpira.

La pili ni mguso wa kwanza. Kwa wachezaji wengi, kuutuliza mpira ni jambo moja na kupiga chenga ni jambo jingine. Kwa Preki yalikuwa kitu kimoja: mguso uleule uliopokea ndio uliompita beki, maana nafasi ya mguso wa ziada haikuwepo.

La tatu ni shuti fupi. Kwenye msongamano, anayevuta mguu nyuma kama anayepasua kuni anamwambia beki, "Jiandae, napiga." Preki alipiga kwa goti na kifundo, mguu ukienda safari fupi tu. Mabeki wote walijua atarudi kushoto, lakini kujua hakukuwasaidia. Alikuwa akiukata mpira wakati mguu wa beki umekwisha kuondoka chini, na aliye na mguu hewani hawezi kugeuka.

Lakini shahidi mkweli husema yote. Mwaka 1992 Everton ilimpeleka Uingereza, na katika mechi 46 za ligi alifunga mabao manne. Alipita Portsmouth kisha akarudi Marekani. Nisomavyo mimi, ukumbi ulikuwa umemnoa awe kisu cha karibu, na Uingereza ya wakati ule ilidai mkuki. Winga alitakiwa kushuka mpaka kwenye kona yake kumsaidia beki, kisha apande tena, dakika tisini, juu ya matope. Aliyezoea kukimbia dakika moja au mbili na kukaa benchi apumue, hata awe fundi vipi, miguu itamdai.

Mwaka 1996 ligi mpya ya MLS ilipoanza, Kansas City wakampa kazi inayomfaa: akae karibu na lango, wengine wakimbie. Mwaka 1997 alifunga mabao 12, akatoa pasi 17 za mabao, akawa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2002 karibu wote ulipotea kwa jeraha la mguu. Mwaka 2003, akiwa na miaka 40, alifunga mabao 12, akatoa pasi 17, akachukua tuzo ileile. Takwimu zilezile, miaka sita baadaye. Hakuna mwingine aliyeitwaa mara mbili mpaka Lionel Messi alipofanya hivyo 2024 na 2025. Mbio huisha na umri, lakini kuona mapema hakuishi.

Kisha akawa kocha, na hapa wengi walidhani atafundisha chenga. Alifundisha kufunga mlango. Chivas USA ya mwaka 2007, mwaka wake wa kwanza kama kocha mkuu, iliongoza Kanda ya Magharibi kwa pointi 53 na kuruhusu mabao 28 tu katika mechi 30. Akachaguliwa kocha bora wa MLS. Sioni ajabu. Ukumbini, mpira ukipotea katikati, mpigo unaofuata ni shuti langoni kwako. Aliyeishi miaka mingi hivyo anauheshimu mpira kama mtu wa Kitui anavyoheshimu maji: hamwagi ovyo.

Nao mlango uliofungwa sana humzuia hata mwenye nyumba. Chivas walitolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano 2007, 2008 na 2009. Mwaka 2007 hawakupata hata bao moja dhidi ya Kansas City, klabu yake ya zamani. Akahamia Toronto, nayo ikamwachisha kazi Septemba 2010. Kwa taji ilimbidi asubiri hadi 2014, Sacramento Republic aliyoifundisha ilipotwaa ubingwa wa ligi ya USL katika msimu wa kwanza kabisa wa klabu hiyo.

Kwa kocha wa Wote au Mwingi, somo ni hili. Tafuta ukuta imara, chora mita 30 kwa 20 kando yake, weka watano kwa watano. Mpira ukigonga ukuta, mchezo usisimame. Badilisha wachezaji kila dakika mbili. Anayepokea lazima awe amegeuza kichwa kabla mpira haujamfikia. Asipogeuza, mpira ni wa wapinzani. Kisha, angalau mara moja kwa wiki, wapeleke kwenye uwanja mkubwa wakimbie mpaka wachoke, yasije yakawakuta ya Everton.

Na kama bado huamini, chukua saa yako uende nyuma ya lile darasa. Chagua mtoto mmoja, uhesabu amegusa mpira mara ngapi katika dakika tano. Jumamosi mfuate kwenye uwanja mkubwa, uhesabu tena. Andika namba zote mbili, ndipo uniambie ni wapi alikuwa akipoteza muda.