Pamba na Tindo

Kwenye mto Lualaba sifa zote humwendea nahodha. Akipenya kati ya mawe wakati wa kiangazi, mto umepungua na mchanga umejitokeza, abiria humpigia makofi. Injini ikivuta vizuri, husifiwa injini. Anayesahauliwa ni yule aliyelala chali chini ya boti wiki iliyopita, pamba kifuani na tindo mkononi, akiziba maungio ya mbao. Nataka kumsemea huyo.

Nyangwe imeishi kwa vyombo vya maji tangu wafanyabiashara kutoka pwani walipoweka kituo hapo, ukingo wa mashariki wa mto, miaka ya 1860. Lakini wenye mto walikuwa Wagenya, na mitumbwi ilikuwa yao. Msafiri Livingstone alifika Machi 1871 akakaa miezi akitafuta mtumbwi wa kununua, asipate. Wenyewe hawakumwamini mgeni aliyekaa na wakamata watumwa, na nani angewalaumu? Julai 15 mwaka huohuo watu wa wafanyabiashara hao walifyatua bunduki sokoni. Umati ukakimbilia mitumbwi iliyosongamana kwenye kijito, mingine ikajaa kupita kiasi ikazama. Wafanyabiashara hao Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Mtu hawezi kusifu mitumbwi ya Nyangwe akairuka siku hiyo. Nayo inatukumbusha mpaka wa kazi ya fundi: maji yanayoingia kwa juu, kwa kupita ukingo, hayazuiliwi na pamba.

Mtumbwi wa gogo una adui mmoja, ufa. Jua huupasua kwenye ncha, mwenyewe huupachika kipande cha bati juu ya kitambaa kilichopakwa lami, safari ikaendelea. Boti ya mbao ni habari nyingine. Msafiri Stanley alipopita Nyangwe mwaka 1876 alikuwa na Lady Alice, boti ya mwerezi iliyoundwa Teddington, Uingereza, vipandevipande ili ichukuliwe mabegani, na kila vipande viwili vilipokutana palikuwa na njia ya maji. Boti zetu za leo hazibebwi mabegani, ila zina mbao ndefu zilizopangwa ubao kwa ubao toka mkuku hadi ukingo. Jumlisha urefu wa maungio hayo upande huu na upande ule, utapata makumi ya mita, na kila shubiri inataka kuzibwa. Kisha mtu anafunga injini nyuma, inatetemeka kutwa nzima, na kutetemeka huko kunalegeza alichofunga fundi.

Kuijua njia ya maji ndiyo nusu ya kazi. Ukilitazama dimbwi lililo ndani hutajua lilikotokea, kwa sababu maji hutambaa kwenye mataruma, mbavu za boti, yakaenda kutulia mahali pengine kabisa. Fundi mzuri huipandisha boti ukingoni, huiinua juu ya magogo, halafu humimina maji ndani na kuzunguka nje akiangalia. Panapotoka tone anaweka alama ya mkaa. Ni kugeuza safari ya maji, basi, na sijui kama kuna hila iliyo rahisi kuliko hiyo.

Baada ya hapo anakwangua pamba iliyooza, anaacha mbao zikauke, anasokota pamba mpya iliyolowa mafuta kama msuko wa nywele, anaiweka mdomoni mwa ungio na kuishindilia kwa tindo butu na nyundo ya mti. Hapa ndipo heshima yangu inapozidi. Mwanafunzi hudhani kadiri unavyoshindilia ndivyo unavyoziba. Kumbe ubao mkavu ukirudi majini huvimba, na ungio lililojazwa kupita kiasi husukuma mbao kando, misumari ikalegea, boti ikavuja kuliko mwanzo. Fundi husikiliza nyundo: mlio mzito na mlegevu bado, mlio mkavu na mfupi basi, anasogea mbele. Kujua pa kuachia ndiko kunakomtenga na mpiga nyundo yeyote.

Hata hivyo boti iliyozibwa vizuri hupitisha maji kidogo siku za kwanza, mpaka mbao zivimbe, na mvua haina haya. Mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari, ulivuka bahari huku mabaharia wakifua maji ngamani bila kupumzika. Chombo cha kufulia kwetu ni bidoni ya lita 5 iliyokatwa mshazari, mkono wake ukabaki, ikafungwa kamba kwenye taruma isichukuliwe na mto. Usiidharau. Sakafu ya boti yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1 ikifunikwa na maji ya sentimita 5 tu, hizo ni lita 300, yaani kilo 300, uzito wa abiria wanne au watano wasiolipa nauli. Tena abiria hao hawatulii: boti ikiinama kidogo, wote hukimbilia upande ulioinama.

Na boti ikitoboka katikati ya mto? Tundu lenye upana wa sentimita 2, sentimita 30 chini ya maji, linaweza kuingiza zaidi ya lita 25 kwa dakika. Punguza mwendo, hamisha watu na mizigo upande wa pili ili tundu lipande juu, na kama unaweza, ziba kwa nje. Kitambaa kikiwekwa kwa ndani maji hukisukuma kitoke. Kikiwekwa kwa nje, maji yaleyale hukikandamiza.

Kinachoelea ni hewa. Mbao zinaitunza tu. Mei 21, 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, sehemu yake ilibaki juu ya Ziwa Victoria kwa hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walitoboa tumbo la meli wawafikie waliokwama. Hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama.

Enyi wenye boti, mnakopa fedha kununua injini, kisha mnabishana na fundi wa pamba juu ya ujira wa siku tatu na kumhimiza amalize kabla ya siku ya soko. Mpeni siku zake zote, mbao zikauke. Nawe abiria, kabla hujalipa nauli chungulia chini ya vibao vya kukalia: ukiona maji na huoni bidoni iliyokatwa, subiri boti inayofuata.