Mtaje Bingwa, Mtaje na Aliyempa Kazi

Orodha ya mabondia wakubwa wa Mexico huanza, karibu kila mahali, na Julio César Chávez. Hata hapa Kinindo, kartie hii tulivu ya kusini mwa Bujumbura, ambako mapambano ya Jumamosi usiku ya Las Vegas hutufikia Jumapili asubuhi, jua likianza kuipiga milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa, jina linalotajwa kwanza ni lake. Naiheshimu orodha hiyo, lakini yangu imepangwa kwa mizani nyingine. Bondia simpimi kwa wingi wa ushindi wala kwa mikanda. Nampima kwa waliosimama mbele yake, na kwa alichofanya pale walipomnyima nafasi ya kufanya alichozoea.

Maana ndondi ni ufundi, na ufundi hauonekani mpaka upate kizuizi. Itazame ngumi ambayo Wamexico wameifanya alama yao: mkono wa kushoto unaopinda na kuingia chini ya mbavu za kulia za mpinzani, lilipo ini. Anayeirusha hovyo hukutana na kiwiko. Kwa hiyo fundi huanzia juu. Anagonga kichwani mara mbili, tatu. Mpinzani anapandisha mikono kujikinga. Kiwiko kinaachana na mbavu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo nyonga inageuka na ngumi inafika. Mara nyingi aliyepigwa haanguki papo hapo. Hupiga hatua moja, kisha magoti yanakunjika, akili ikiwa timamu kabisa. Anamsikia mwamuzi akihesabu, anataka kuinuka, na mwili unakataa. Anayetaka kuipiga ngumi hiyo lazima aingie karibu, na akiingia karibu naye atapigwa. Ni ngumi ya mtu aliyekubali kulipa kabla ya kupokea.

Hakuna aliyelipa kwa subira kama Chávez. Tarehe 17 Machi 1990, Las Vegas, alikutana na Meldrick Taylor, Mmarekani aliyekuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1984 na mikono yenye kasi ya ajabu. Kwa pointi Taylor alikuwa akiongoza kwa majaji wawili kati ya watatu. Lakini kila raundi ilimwacha na uvimbe zaidi na pumzi pungufu, kwa sababu Chávez hakuiacha kazi ya mwilini hata alipokuwa anashindwa. Haba na haba hujaza kibaba. Raundi ya 12 Taylor alianguka, akainuka, na mwamuzi Richard Steele akalisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 2. Miaka mitatu baadaye, watu zaidi ya 130,000 waliujaza Uwanja wa Azteca kumtazama Chávez akimpiga Greg Haugen. Mimi namkumbuka zaidi kwa Taylor, kwa sababu Taylor ndiye aliyemlazimisha kuonyesha yote aliyokuwa nayo. Kwangu Chávez ni wa pili.

Wa kwanza ni Salvador Sánchez. Alifariki tarehe 12 Agosti 1982 katika ajali ya gari, akiwa na miaka 23 tu, bado bingwa wa WBC wa uzani wa unyoya. Chukua majina mawili tu. Mwaka 1981 alimkabili Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, mtu ambaye kila aliyemshinda alikuwa amemshinda kabla ya kengele ya mwisho. Sánchez alimwangusha raundi ya kwanza na kummaliza ya 8. Kisha, Julai 1982, katika ukumbi wa Madison Square Garden, aliletewa kijana wa Ghana ambaye Marekani ilikuwa haijamjua. Alikuwa ameitwa kwa muda mfupi kuziba nafasi ya mwingine, na jina lake lilikuwa Azumah Nelson. Huyo kijana hakurudi nyuma. Alimfuata Sánchez raundi baada ya raundi, akimfunga kwenye kamba, akimnyima ile nafasi ya kurudi nyuma na kupiga ambayo ndiyo ilikuwa nyumba yake. Hapo Sánchez akabadilika. Akakubali kusimama, akapigana kifua kwa kifua, akapumua taratibu pale wengine wangehema, na raundi ya 15 akapata alichokuwa akikitafuta. Lilikuwa pambano lake la mwisho. Azumah baadaye alitwaa mkanda wa uzani huo huo, akamshinda Gómez huyo huyo mwaka 1984. Kwa hiyo Mwafrika akimtaja Sánchez, asiishie kusema kwamba alimshinda wetu. Aseme pia kwamba wetu ndiye aliyetuonyesha kina cha Sánchez.

Nafasi ya tatu nampa Juan Manuel Márquez, kwa ajili ya Manny Pacquiao. Mwaka 2004 aliangushwa mara tatu katika raundi ya kwanza peke yake, akainuka, akaisoma ngumi iliyomwangusha, akamaliza pambano kwa sare. Akashindwa kwa pointi 2008 na 2011. Tarehe 8 Desemba 2012, raundi ya 6, mkono wake wa kulia ulimkuta Pacquiao akiingia, na Pacquiao akalala kifudifudi. Ile ngumi moja ilikuwa na miaka minane ya kusoma ndani yake. Wa nne ni Rubén Olivares, aliyemwangusha Lionel Rose mwaka 1969 na kuchukua ubingwa wa bantamu. Wa tano ni Ricardo López, aliyestaafu bila kupoteza hata pambano moja. Hata huyo ana deni kwa Rosendo Álvarez wa Nicaragua, aliyemwangusha na kutoka naye sare mwaka 1998 kabla ya kushindwa waliporudiana.

Mizani hii inanirudisha Jiji la Mexico, Olimpiki ya 1968. Mkenya Philip Waruinge alifika nusu fainali ya uzani wa unyoya, akapambana na Antonio Roldán mbele ya Wamexico wenzake, akashindwa kwa pointi chache. Roldán aliendelea hadi dhahabu. Waruinge alipata shaba. Lakini mashindano yalipokwisha, Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote, alikabidhiwa yeye. George Foreman alikuwepo na dhahabu yake ya uzito wa juu, na wenyeji walikuwa na dhahabu zao. Wajuzi wakamchagua Mkenya mwenye shaba. Walikuwa wameona kilichofanyika ulingoni, mguu kwa mguu, na matokeo hayakuwafumba macho.

Na hakuwa peke yake. Mwaka huo huo Leo Rwabwogo na Eridadi Mukwanga waliipatia Uganda medali zake za kwanza za Olimpiki, zote mbili za ndondi. Mwaka 1981 Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala, alimpokonya Rafael Limón wa Mexico mkanda wa WBC baada ya raundi 15. Mwaka 2018 Fatuma Zarika wa Kenya alikwenda Mexico kwenyewe kuutetea mkanda wake, akamshinda Yamileth Mercado nyumbani kwao. Mwaka uliofuata Mercado akauchukua. Ukiwaweka pamoja hawa, unaona kwamba Afrika Mashariki imo ndani ya historia ya ndondi za Mexico, kama mpinzani aliyesimama na kudai heshima.

Burundi bado haimo. Medali zetu za Olimpiki zimetoka kwenye mbio: Vénuste Niyongabo 1996, Francine Niyonsaba 2016. Natamani vijana wanaofunga glavu katika jiji hili wawatazame Wamexico kwa jicho la mwanafunzi, waone kwamba nguvu ndiyo rahisi kuliko yote. Kigumu ni kuirudia kazi ya mwilini raundi kumi wakati hakuna anayeishangilia, kuinuka na swali badala ya hasira, na kubadili mwendo pale mpinzani anapokuzidi. Hayo hayapatikani kwa kuchagua watu wepesi ili rekodi ing'are. Sánchez aliyapata kwa Azumah, Chávez kwa Taylor, Márquez kwa Pacquiao. Anayetaka jina lake liingie katika orodha ya namna hii na aanze kwa kumtafuta yule ambaye wenzake wanamkimbia.